Ushahidi Mmoja, Wauaji Watatu: Walichokikosa Wahakiki wa Filamu ya Clue

Hukumu ya mhakiki ina tabia moja isiyopendeza: hutolewa kwa haraka na hudumu kwa muda mrefu. Filamu ya Clue ilipoingia katika kumbi za sinema za Marekani tarehe 13 Desemba 1985, wahakiki wengi waliimaliza kwa maneno machache. Walisema ni vichekesho vyepesi, maiti nyingi na ujanja wa kibiashara uliogonga mwamba. Roger Ebert, mmoja wa wahakiki wa filamu waliosomwa sana nchini humo, aliipa nyota mbili kati ya nne. Watazamaji nao hawakujitokeza kwa wingi. Filamu iliyogharimu takriban dola milioni 15 ilikusanya takriban dola milioni 14.6 katika kumbi za Marekani, na kwa hesabu za watu wa Hollywood hiyo ni hasara.

Miaka arobaini baadaye, filamu hiyohiyo ina mashabiki wanaoijua neno kwa neno. Ilipata uhai wa pili katika televisheni na kanda za video, na leo ni vigumu kuzungumzia vichekesho vya upelelezi bila kuitaja. Mashabiki husema kwamba wahakiki walikosa jicho la ucheshi. Sikubaliani nao. Waliucheka ucheshi pale walipoona unachekesha. Walichokosa ni jambo jingine: hawakuona kwamba kile walichokilaumu zaidi, yaani filamu kuwa na miisho mitatu tofauti, ndicho kilichobeba hoja yake ya kisiasa.

Kwa wasioifahamu, nitaeleza kisa kwa ufupi. Asiyetaka kujua mwisho anaweza kuishia hapa, ingawa filamu yenye miisho mitatu si rahisi kuiharibu kwa kuisimulia.

Clue ilitokana na mchezo wa mezani uliobuniwa na Mwingereza Anthony Pratt wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ambao uliuzwa Uingereza kuanzia mwaka 1949 kwa jina la Cluedo. Wachezaji hukisia nani ameua, kwa silaha gani na katika chumba kipi. Mwongozaji Jonathan Lynn aliuchukua mchezo huo usio na historia wala siasa, akaupandikiza mahali na wakati mahususi: jumba la kifahari katika eneo la New England, mwaka 1954. Wageni sita wanaalikwa usiku wa mvua na radi, kila mmoja akipewa jina la bandia: Kanali Mustard, Profesa Plum, Bi. White, Bi. Peacock, Bi. Scarlet na Bw. Green. Anayewapokea ni Wadsworth, mtumishi mkuu wa nyumba, aliyeigizwa na Tim Curry kwa kasi ya kustaajabisha. Punde wanagundua kinachowaunganisha. Wote wanatozwa fedha na mtu mmoja, Bw. Boddy, ambaye anazijua siri zao na anatishia kuzifichua. Boddy anauawa. Kisha mpishi. Kabla ya usiku kwisha, maiti zinafika sita.

Wahakiki walikijua kisa hiki vizuri kama ninavyokijua mimi. Lakini walikisoma kama fumbo la kuteguliwa, na fumbo lenye majibu matatu ni fumbo bovu. Msambazaji alipeleka nakala tofauti katika kumbi tofauti, kila nakala ikiwa na mwisho wake, A, B au C, kwa matumaini kwamba watu wangelipa mara tatu ili waione yote. Wengi hawakulipa hata mara moja. Hapo wahakiki walikuwa na hoja nzito. Katika hadithi ya upelelezi, msomaji hupewa dalili ili naye ashindane na mpelelezi. Ikiwa dalili zilezile zinaweza kumtia hatiani mtu yeyote, dalili hazina kazi, na mtazamaji anayo haki ya kuhisi amechezewa.

Ni kweli kwamba dalili za Clue zinaweza kumtia hatiani mtu yeyote. Swali ambalo halikuulizwa ni hili: kwa nini filamu ya namna hiyo ikawekwa mwaka 1954, na si mwaka mwingine wowote?

Mwaka huo si pambo. Februari 1950, Seneta Joseph McCarthy alisimama katika mji wa Wheeling, West Virginia, akadai kwamba anayo orodha ya wakomunisti waliojipenyeza katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Idadi aliyoitaja ilibadilika kutoka hotuba moja hadi nyingine, na hilo halikupunguza nguvu ya madai yake. Aprili 1953, Rais Eisenhower alitia saini Amri ya Rais namba 10450, iliyopanua vigezo vya kumwondoa mtumishi wa umma kazini kwa sababu za usalama. Vigezo hivyo viligusa hata mwenendo wa mtu wa faragha, na maelfu ya watumishi wa serikali walipoteza ajira, wengi wao kwa tuhuma za uhusiano wa jinsia moja. Hoja ya kiserikali ilikuwa kwamba mwenye siri ya aibu anaweza kutishwa na adui. Hivyo serikali iliyaogopa matumizi mabaya ya siri, na dawa yake ikawa kukusanya siri nyingi zaidi. Kuanzia Aprili hadi Juni 1954, taifa zima lilitazama katika televisheni mabishano kati ya McCarthy na Jeshi la Marekani. Desemba mwaka huo, Seneti ikamlaani kwa kura 67 dhidi ya 22.

Sasa turudi katika jumba la Clue. Mwanzoni mwa filamu televisheni imewashwa jikoni, na kinachoonyeshwa ni mahojiano hayohayo ya McCarthy. Wageni wote wana uhusiano na mji mkuu wa Washington. Kanali anafanya kazi Pentagon katika mradi wa siri wa bomu. Bi. Peacock ni mke wa seneta, na rushwa za mumewe hupitia mikononi mwake. Bi. White alikuwa mke wa mwanafizikia wa nyuklia. Bi. Scarlet anaendesha danguro ambalo wateja wake ni wakubwa wa serikali. Bw. Green ni mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Nje. Profesa Plum alikuwa daktari wa akili aliyetibu watu wenye kujikweza kupita kiasi, naye sasa yuko Umoja wa Mataifa. Wadsworth anamwambia kwamba basi kazi yake haijabadilika.

Katikati ya vurugu simu inalia, na anayepiga ni J. Edgar Hoover, mkuu wa shirika la upelelezi la FBI, ambaye katika historia ya kweli aliliongoza shirika hilo na lile lililolitangulia tangu 1924 hadi kifo chake mwaka 1972. Wageni wanashangaa Hoover anatafuta nini katika simu ya nyumba hii. Jibu wanalopewa ni kwamba yumo katika simu za watu wote, kwa hiyo hakuna ajabu akiwa katika hii pia. Mtazamaji anacheka. Mtumishi wa umma wa mwaka 1954 asingecheka.

Kuna mzaha mmoja zaidi ambao nauona kuwa ufunguo wa filamu nzima. Wadsworth anaeleza kwamba Boddy aliyaona matendo ya wageni hawa kuwa hayastahili raia mwema wa Marekani. Mmoja anauliza kwa nini basi hakuwaripoti kwa mamlaka. Anajibiwa kwamba Boddy aliamua kuzigeuza taarifa zake kuwa fedha, na je, lipo jambo la Kimarekani kuliko hilo? Hapa uzalendo unaonyeshwa ukigeuka bidhaa. Mwenye faili la siri ana njia mbili mbele yake: kulipeleka kwa kamati na kuitwa mzalendo, au kulipeleka sokoni na kuitwa mhalifu. Faili lenyewe halijali linakwenda wapi.

Tukilisoma jambo hili hivyo, miisho mitatu inachukua sura mpya. Katika mwisho wa kwanza, Bi. Scarlet ndiye mwenye hatia, akishirikiana na Yvette, mtumishi wa ndani, ambaye naye anamuua. Katika wa pili, Bi. Peacock amewaua wote peke yake. Katika wa tatu, kila mgeni ameua mtu mmoja, isipokuwa Bw. Green, ambaye anageuka kuwa ofisa wa FBI. Usiku ni uleule, maiti ni zilezile, vyumba na silaha ni vilevile. Kinachobadilika ni anayenyooshewa kidole. Wadsworth anakimbia chumba hadi chumba, akiigiza upya matukio ya usiku mzima kwa ufasaha unaomfanya kila aliyepo aonekane muuaji, na kila mara tunamwamini. Tunamwamini kwa sababu anazungumza haraka na kwa uhakika, wala si kwa sababu ametuthibitishia chochote.

Hiyo ndiyo mantiki iliyotawala Marekani katika miaka ile. Ushahidi uliotosha kumtia hatiani huyu ungetosha kumtia hatiani yule. Tuhuma ilianza kwanza, na maelezo yakafuata kwa mwendo wa kasi. Mwalimu, mwigizaji, karani au mwanadiplomasia angeweza kusimamishwa mbele ya kamati kwa sababu ya mkutano aliohudhuria miaka kumi na mitano nyuma, au rafiki aliyekataa kumtaja. Wadsworth mwenyewe anadai kwamba masaibu yake yalianzia kwa mkewe, aliyekuwa na marafiki wasoshalisti. Mwishoni anatangaza kwamba suala zima la ukomunisti lilikuwa chambo cha kuwapotosha watu tu. Kauli hiyo inachekesha ndani ya filamu. Nje ya filamu, ni muhtasari usio mbaya wa historia ya miaka minne.

Je, ninampa Lynn sifa asiyostahili? Msomaji makini atauliza hivyo, na ana haki. Miisho mitatu ilikuwa pia mbinu ya kuuza tiketi, na hilo halifichiki. Lakini tumkumbuke mwongozaji huyu alitoka wapi. Pamoja na Antony Jay, ndiye aliyeandika Yes Minister, mfululizo wa vichekesho ulioanza kurushwa na BBC mwaka 1980, ambamo katibu mkuu wa wizara humzungusha waziri wake kwa lugha laini na majalada mazito. Mtu aliyeuelewa urasimu kiasi hicho hakuuweka mwaka 1954 katika filamu yake kwa bahati nasibu.

Na hapa lazima niwatendee haki wahakiki wa 1985. Mhakiki aliyeketi ukumbini aliona filamu yenye mwisho mmoja, na hata aliyejua kwamba ipo mingine alilazimika kuisikia au kuifuata katika ukumbi mwingine. Filamu ninayoitetea mimi ilikuwa bado haijakusanywa mahali pamoja. Ilikusanywa ilipotolewa kwa ajili ya kutazamwa nyumbani, miisho yote mitatu ikapangwa mmoja baada ya mwingine, na kati yake maandishi yakimwambia mtazamaji kwamba huenda ilikuwa hivi, au huenda ilikuwa vile, na hatimaye kwamba sasa ataona kilichotokea kweli. Ni katika mpangilio huo tu ndipo mtazamaji humshuhudia mtu yuleyule akitiwa hatiani, kisha akisafishwa, kisha akitiwa hatiani tena, ndani ya dakika chache. Kwa maana hiyo, msambazaji aliikata hoja ya filamu vipande vitatu ili auze kila kipande kwa bei ya kitu kizima. Lawama kubwa ni yake.

Kosa la wahakiki ni dogo kuliko hilo, ila ni la kudumu. Walikiona kiini cha filamu, yaani ushahidi unaoweza kumnasa yeyote, wakakiandika kama kasoro ya kiufundi. Hawakusimama kuuliza kasoro hiyo inafanana na nini duniani. Nadhani sababu ni kwamba filamu ilikuwa ya kuchekesha. Laiti hoja hiyohiyo ingeletwa kwa picha za kijivu na muziki wa huzuni, tungesoma insha ndefu juu ya kutoaminika kwa ushahidi.

Sitaki hata hivyo kuibadilisha Clue kuwa kitabu kitakatifu, kwani mapenzi ya mashabiki nayo yana upofu wake. Tuwahesabu wafu. Ukimwondoa Boddy, waliokufa ni mpishi, mtumishi wa ndani, dereva aliyeharibikiwa na gari akaja kuomba simu, askari polisi, na binti aliyekuja mlangoni kuleta salamu za wimbo. Wote walikuwa watoa habari wa Boddy. Mpishi aliwahi kumpikia Bi. Peacock. Dereva alimwendesha Kanali wakati wa vita, akajua kwamba bosi wake aliiba vipuri vya redio za jeshi la anga na kuviuza kwa magendo. Binti wa salamu alikuwa mgonjwa ambaye Profesa Plum alimtumia vibaya. Yaani waliozijua siri za wakubwa ni wale waliowapikia, waliowaendesha na waliotibiwa nao, na ndio waliozilipia kwa damu. Wapiganapo tembo, nyasi huumia, lakini hapa nyasi zilikuwa mashahidi pia. Dereva, polisi na binti wa salamu hawana hata majina. Binti anapigwa risasi kabla hajamaliza kuimba, na ukumbi unaangua kicheko.

Naamini filamu inaujua ukatili wa kicheko hicho kwa nusu tu. Nusu nyingine inaufurahia. Hali kadhalika kwa Bw. Green. Mapema usiku ule, yeye peke yake anasimama mbele ya wenzake na kuitaja siri yake kwa hiari. Anasema ana uhusiano wa jinsia moja, nafsi yake haimsuti, ila lazima afiche kwa kuwa akijulikana atafukuzwa kazi kwa kisingizio cha usalama wa nchi. Ni sentensi chache tu, nazo zinaeleza kwa usahihi yaliyowapata watumishi wengi baada ya amri ya 1953. Kisha, katika mwisho wa tatu, tunaambiwa ilikuwa gilba. Green ni mpelelezi wa serikali, na anajihimu kutangaza kwamba anarudi nyumbani kwa mkewe. Mhanga wa faili anageuzwa kuwa mtunza faili. Mtu anaweza kuisoma hiyo kama kejeli kali kuliko zote: hata ungamo la dhati lilikuwa mtego wa dola. Mimi naiona zaidi kama woga wa filamu ya 1985, iliyothubutu kusema jambo kisha ikalirudisha mfukoni. Haya ndiyo mashtaka ambayo Clue ilistahili kujibu. Badala yake iliulizwa kwa nini ina miisho mingi.

Baadaye uhakiki ulibadilika kiasi. Mwaka 2019 Rian Johnson alitoa Knives Out, kichekesho kingine cha mauaji ndani ya jumba la matajiri. Muuguzi Marta Cabrera ni binti wa mama mhamiaji asiye na hati. Familia anayoitumikia inasema ni mmoja wao, lakini kila mmoja anataja nchi tofauti kuwa ndiko alikotoka. Wahakiki waliyaona hayo mara moja na kuyaandika, na filamu ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa mswada wake. Katika Clue mtumishi anakufa na siri. Katika Knives Out mtumishi anarithi nyumba. Sitaki kudai kwamba wahakiki wa leo wana akili kuliko wa jana. Knives Out huweka siasa yake mezani ili ionekane. Clue iliificha chini ya kelele za milango na mayowe, na anayeificha hoja yake hatakiwi kushangaa isipoonekana.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna sababu yetu ya kulitafakari jambo hili. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipomleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, alifungua njia ya riwaya ya upelelezi kwa Kiswahili. Wataalamu waliofuata wakagawa fasihi katika makundi mawili, dhati na pendwa, na riwaya za upelelezi zikapangwa upande wa pendwa, kana kwamba kinachopendwa hakiwezi kuwa na udhati. Wanafunzi wengi hufika chuo kikuu wakiwa wamekwisha kuumeza mgawanyo huo. Ukiwapa riwaya ya kusikitisha hutafuta dhamira. Ukiwapa ya kuchekesha huhesabu tamathali za usemi na kufunga daftari.

Kwa mwanafunzi, basi, ushauri wangu ni kuanza kwa swali ambalo wahakiki wa 1985 hawakuliuliza: kasoro ninayoiona katika kazi hii inafanana na nini nje ya kazi? Mwanaharakati atazame ni nani katika hadithi anakufa bila jina, hasa pale yeye mwenyewe anapojikuta anacheka. Na mtumishi wa umma anayetunza majalada ya watu, au ambaye jalada lake linatunzwa na wengine, namshauri atafute nakala yenye miisho yote mitatu na kuitazama kwa mfululizo. Amsikilize Wadsworth anapompanga kila mtu katika chumba cha hatia kwa ufasaha uleule, kisha ajiulize ni katika mwisho upi kati ya ile mitatu aliombwa athibitishe neno hata moja.